Shahidi wa Pili

Kwa miaka thelathini na moja alipiga chapa hati za wosia katika ofisi ya wakili iliyokuwa juu ya duka la magodoro, na kwa miaka hiyohiyo alizitia sahihi. Utaratibu ulikuwa mmoja. Mwenye wosia anaketi katikati ya meza, wakili kulia kwake, mpiga chapa kushoto. Mwenye wosia anatia sahihi. Karatasi inakwenda kwa wakili, shahidi wa kwanza. Kisha inavuka meza na kufika kwa mpiga chapa, naye anatia sahihi yake, anapuliza wino, anagonga muhuri, anamuuliza mzee wa watu kama anataka kushikwa mkono kwenye ngazi. Mtaani wakampa jina la Shahidi wa Pili. Hakulikasirikia. Wapo wanaoitwa mabaya zaidi kwa kazi ndogo zaidi.

Sokoni wazee walimsalimu kwa heshima iliyozidi kipimo, maana alijua nani kamwandikia nani nini. Watoto wa wazee hao walimsalimu kwa heshima kubwa zaidi, wengine wakamng'ang'ania kikapu wambebee. Kikapu aliwapa. Habari hakuwapa. Kwa kufunga mdomo hakuwa na mpinzani, na hata wakili, aliyemwajiri kwa sababu ya kasi ya vidole, baadaye alikiri kwamba vidole ni vya kawaida tu.

Aliwahi kuolewa. Ndoa ikamshinda, au yeye akaishinda ndoa, inategemea unamuuliza nani. Mtoto hakupata. Kwa hiyo mama yake alipoteleza bafuni na kuvunjika nyonga, na familia ikaitisha kikao cha nani akae na mama, kikao hicho kilichukua dakika kumi na tano pamoja na chai. Kaka yake mkubwa alisema yeye ana mke. Mdogo wake wa kike, kitindamimba, alisema yeye ana watoto. Wote wawili wakamgeukia yule asiye na hivi wala vile, na kikao kikafungwa kwa sala.

Akahamia kwa mama. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, bati lenye kutu upande wa jikoni, baraza la saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Mama alikuwa ameijenga peke yake kwa mshahara wa ualimu, chumba kimoja kimoja, na mpaka leo ukuta wa sebuleni ulikuwa na unene tofauti na ule wa vyumbani kwa sababu fundi alibadilishwa katikati. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini. Watu wazima wenye mvi, wakipita mbele ya baraza lake, walificha sigara.

Miaka mitatu ya kwanza mama alikuwa na akili kama wembe. Nyonga ndiyo ilikuwa mbovu. Na ni katika mwaka wa tatu huo ambapo mwenyewe, kwa mkongojo wake na mkoba wake, alipanda ngazi za juu ya duka la magodoro, akapumzika mara mbili njiani, akaketi katikati ya meza akamwambia wakili, "Andika. Nyumba iende kwa binti yangu wa kati. Yeye ndiye anayejua bati linavuja wapi. Yaliyobaki wagawane watatu sawasawa."

Binti wa kati alikuwa kwenye mashine yake, anapiga. Lazima ieleweke kwamba mpiga chapa mzoefu hasomi. Maneno yanaingia kwa jicho, yanatokea kwenye vidole, kichwani hayapiti. Angekuwa anasoma kila alichopiga kwa miaka yote hiyo angekuwa amechanganyikiwa zamani. Akaichomoa karatasi, akaiweka mezani. Mama akatia sahihi. Wakili akatia sahihi. Karatasi ikavuka meza, ikafika kushoto, na Shahidi wa Pili akatia sahihi yake, akapuliza wino, akagonga muhuri, akamuuliza mama yake mzazi kama anataka kushikwa mkono kwenye ngazi.

Hakuna aliyeshtuka. Hati ikaingia kabatini.

Baada ya hapo ndipo ugonjwa wa kusahau ulipoanza. Ulianza na vijiko, ukaja kwenye siku za wiki, ukaishia kwa watu. Mama akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda shuleni, ikabidi komeo la mlango lihamishiwe juu asikofika. Kwa kalamu nyekundu alisahihisha kila kilichoandikwa: gazeti, bili ya umeme, maboksi ya dawa. Kwenye boksi la dawa ya presha aliandika "Mwandiko mbaya, rudia." Binti yake hakumtambua tena kama binti. Alimchukulia kuwa kiranja wa darasa.

"Kiranja, mbona darasa limelala?"

"Ni usiku, mwalimu."

"Hilo si jibu."

Shahidi wa Pili akazoea. Alikata tundu kwenye kiti cha plastiki kikawa kiti cha kuogea. Alipanga vidonge vya wiki nzima kwenye trei ya mayai, asubuhi safu ya juu, jioni safu ya chini. Mchana alimlipa jirani akae na mama, jioni akarudi, akamwogesha, akamgeuza kitandani kila baada ya saa nne asije akapata vidonda. Kaka alipiga simu kila Jumapili. "Mama anakula?" Anakula. "Dawa?" Anameza. "Mungu atakulipa." Kisha akakata simu, roho yake nyeupe kabisa.

Sasa siku moja ofisini aliingia mama mmoja mnene, mwenye haraka, na mwanawe wa kiume nyuma yake. Alitaka kuandika wosia, shamba liende kwa huyo mwanawe, na mwanawe huyohuyo awe shahidi kwa kuwa amekuja naye na hana muda wa kutafuta mwingine.

"Haiwezekani, mama," Shahidi wa Pili alimwambia, kwa sauti aliyoitumia kwa watu wote wa aina hiyo. "Anayerithi hashuhudii. Akishuhudia, fungu lake linaanguka."

"Linaanguka wapi?"

"Linarudi kwenye mali nyingine, wanagawana wote. Anaweza kukosa hata kama mwenye mali alimtaja kwa jina. Hata kama ni..."

Yule mama akangoja.

"Hata kama ni nini?"

"Hata kama ni nyumba," alisema Shahidi wa Pili, akainuka, akaenda kabatini.

Ilikuwepo. Sahihi yake ilikuwa imekaa mstari wa pili, nzuri, ina mkia. Alizoea kuutia mkia siku akiwa na furaha. Aliisoma hati ile kwa mara ya kwanza, neno kwa neno, akiwa amesimama. Maneno hayohayo aliyomwambia yule mama alikuwa amewaambia watu mia moja kabla yake. Alijiona mjinga, na kujiona mjinga katika kazi unayoiweza kuliko kazi zote kunauma vibaya.

Akaipeleka kwa wakili. Wakili alikuwa mzee sana kwa sasa, anakuja ofisini hasa kwa sababu nyumbani walimsumbua. Aliisogeza karatasi karibu na pua, akaiondoa, akaisogeza tena.

"Na mimi nilikuwepo," akasema.

"Ulikuwepo, mzee. Wewe ndiye shahidi wa kwanza."

"Tumefanya kazi pamoja siku nyingi mno, binti. Tumekuwa kama ng'ombe wanaojua njia ya kwenda mtoni." Akafuta miwani. "Dawa yake ni mama aandike upya. Daktari aje, ampime, aandike kwamba siku hiyo akili ilikuwa timamu. Akitia sahihi tu, na tarishi wetu akishuhudia badala yako, mambo yamekwisha."

"Mama siku hizi ananiita kiranja."

"Hata siku moja moja haji?"

"Huja. Hakai."

Wakili akaangalia dari. "Au basi ukurasa wa kubadilisha ni ule wa mwisho tu. Tarishi ana mwandiko mzuri, na mama bado anajua kutia sahihi, hata kama hajui anatia nini."

"Mzee, nimepiga chapa mashtaka ya watu waliofanya hivyo."

"Nilikuwa nawaza kwa sauti."

"Usiwaze."

Basi ikawa kazi ya kuvizia. Daktari alikuja mara ya kwanza, mama akamuuliza kwa nini amechelewa, akamwamuru asimame kwenye kona. Daktari, mtu mzima na ndevu zake, alisimama. Mara ya pili mama alilala muda wote. Daktari akasema hakuna haja ya kuja ovyo, apigiwe simu asubuhi ile mama akiamka mzima, na yeye na wakili watakuja mbio. Shahidi wa Pili akaweka daftari. Kwa miezi mitatu akaandika asubuhi njema nne, na hakuna iliyofikisha saa moja. Wakati mwingine alikaa roho juu kuanzia alfajiri, ananyata mpaka mlangoni kwa mama kusikiliza ataitwaje. Aliitaka nyumba ile. Hakuwa na pengine pa kwenda, alikuwa na miaka hamsini na saba, na miaka tisa ya mgongo wake ilikuwa imezikwa humo. Hakuona aibu kuitaka.

Alhamisi moja mama aliamka, akaita. Aliita jina, lile lenyewe alilompa binti yake siku alipozaliwa, jina ambalo lilikuwa halijatamkwa humo ndani kwa miezi. Shahidi wa Pili alitoka jikoni na sabuni mkononi.

"Mbona unanitolea macho?" mama akauliza. "Leo siku gani?"

"Alhamisi, mama."

"Fungua dirisha. Chumba kinanuka dawa."

Akafungua dirisha, akapiga simu. Haikupita nusu saa, watu watatu walikuwa wamesimama chumbani: daktari, wakili na mkoba wake, tarishi amevaa shati la kuazima. Mama akawasalimu mmoja mmoja, akamuuliza wakili habari za mguu wake wa kushoto ambao kweli ulikuwa unamsumbua. Daktari akamuuliza mwaka, akautaja. Akamuuliza ana watoto wangapi, akasema watatu, na kwamba wote wako hai isipokuwa hawaji. Daktari akaandika haraka. Wakili akatoa karatasi na kalamu.

"Ngojeni kwanza," mama akasema. "Naomba mtupishe. Nina maneno na mwanangu."

Wote wakamgeukia Shahidi wa Pili. Alijua la kusema. Ofisini alilisema kila wiki kwa wazee waliotaka kwanza kusimulia walivyokutana na marehemu waume zao: tutie sahihi kwanza, mama, halafu tutaongea mpaka uchoke. Alilisema kwa upole, na hakuna mzee aliyewahi kumkatalia.

"Dakika kumi, mzee," alimwambia wakili.

Wakatoka, wakaketi barazani. Akarudishia mlango.

"Umekonda," mama akasema.

"Nimezeeka, mama."

"Sikukuuliza umri. Ukiumwa nani anakuangalia?"

"Siumwi."

"Huo ni uongo." Mama akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Nimelala hapa muda gani?"

"Ulianguka bafuni miaka tisa iliyopita."

"Na muda wote huo mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unafundisha."

Mama akacheka. Ilikuwa miaka mingapi hajacheka, binti yake hakukumbuka. Akacheka mpaka akakohoa, akanyweshwa maji, akasema, "Maskini wewe. Nani alikutengeneza nywele hizi? Kaa chini hapa."

Mwanamke wa miaka hamsini na saba, mwenye magoti mabovu, akakaa chini sakafuni, akaegemea kitanda, akavua kitambaa. Mama akaanza kumsuka. Vidole vilitetemeka lakini njia vilikuwa vinaijua. Akamsuka mstari wa kwanza akilalamika kwamba nywele zimekuwa ngumu. Akamsuka wa pili akimuuliza kuhusu bati la jikoni. Barazani wakili alikohoa. Shahidi wa Pili alisikia, akajiambia amalize huu wa pili ndipo ainuke. Wakili akakohoa tena, mama yuko kwenye wa tatu. Alijua kabisa muda unakwenda. Kusema kwamba alisahau itakuwa kumsingizia. Aliogopa tu kuinuka. Nyumba angeikosa, angalau angejua imesimama wapi. Mikono ile kichwani mwake hakuwa na hakika kama itakuja tena, na alikuwa ameikosa kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Katikati ya mstari wa nne mikono ikasimama.

"Kiranja," sauti ikasema juu yake, "nani kakuruhusu kukaa chini wakati wa kipindi?"

"Samahani, mwalimu."

Akainuka kwa kushika kitanda, akaenda kufungua mlango, kichwa nusu kimesukwa nusu hakikusukwa. Wakili akamtazama nywele. Akairudisha kalamu mfukoni bila kuuliza.

"Dakika hamsini," daktari akasema. Hakusema kwa ubaya.

Asubuhi njema nyingine haikuja. Mama alikata roho wiki ya nane baada ya hapo, mchana, usingizini, baada ya supu. Kaka alikuja, akalia kwa sauti kaburini, na kwa kweli hakuwa anaigiza. Kitindamimba alizimia kidogo.

Siku ya nne walikaa sebuleni watatu, na kaka akasema, "Soma wewe, hii si ndiyo kazi yako?" Akasoma. Alipofika pale kwenye nyumba, kitindamimba akamkumbatia. "Dada, unastahili. Wallahi unastahili." Kaka akatikisa kichwa polepole. "Hapo mama katenda haki. Mimi nyumba hii hata bure siitaki, bati lenyewe linavuja."

Angeikunja karatasi pale pale, mambo yangeishia hapo. Wakili alikuwa amemhakikishia kwamba masikio yake hayasikii tena vizuri, wala yeye hatasema neno. Kaka hakuwa mtu wa kusoma majina ya mashahidi. Shahidi wa Pili akaitazama sahihi yake na mkia wake. Akakumbuka wale wote aliowaambia bila huruma kwamba fungu lao limeanguka, wengine wakalia mbele yake, naye akawapa kikombe cha maji na kuwaonyesha mlango.

"Kuna jambo," akasema, kwa sauti ileile ya ofisini. Akawaeleza.

Kitindamimba akamtazama kaka.

"Kwa hiyo?" kaka akauliza.

"Kwa hiyo nyumba inaingia kwenye yaliyobaki. Mafungu matatu sawasawa."

"Ndivyo sheria inavyosema?"

"Ndivyo."

Kaka akavuta pumzi ndefu ya majonzi. "Basi," akasema, "sisi ni nani tubishane na sheria." Kitindamimba, ambaye mkono wake ulikuwa bado begani kwa dada yake, aliuondoa taratibu akaenda kuchemsha chai. Chai ilipokuja, kaka alikuwa ameshakumbuka mtu anayetafuta nyumba maeneo yale. Usiku ule Shahidi wa Pili alilala kwenye kitanda cha mama, akalia kwa hasira juu ya kaka na mdogo wake, lakini hasa juu ya kalamu yake mwenyewe.

Ijumaa ya kabla ya mnunuzi kuja, walikuja kumsaidia kutoa vitu vya chumbani kwa mama. Kaka alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Kitindamimba alikuwa anakunja magauni, akayapanga, akayapangua tena.

"Dada," akasema, "yule wakili aliniambia msibani kuna siku mama alirudiwa na akili. Mkajifungia humu karibu saa nzima."

"Ni kweli."

"Alinitaja?"

Kamba ya kaka ikaacha kukwaruza.

Mama hakumtaja mtu. Aliuliza habari za nywele, za bati, za nani anamwangalia binti yake akiumwa. Katika maisha yake yote Shahidi wa Pili alikuwa hajawahi kushuhudia jambo ambalo hakuliona kwa macho yake, na hiyo ndiyo heshima pekee iliyobaki humo ndani ambayo haikugawanywa.

"Alikutaja," akasema.

"Alisemaje?"

"Alisema katika sisi watatu wewe ndiye uliyekuwa na mwandiko mzuri."

Kitindamimba akaketi juu ya magauni, akafunika uso. Kaka hakugeuka. Alibaki ameinamia godoro, mgongo wake mpana umelijaza shati.

"Na mimi?"

"Alianza na wewe. Alisema ile siku ya chaki alikuonea. Alijua si wewe uliyeiba."

Kaka alikuwa na miaka tisa alipochapwa mbele ya shule nzima kwa sababu ya boksi la chaki, na miaka hamsini tangu hapo alikuwa akisimulia kisa hicho kwenye kila sherehe kama kichekesho. Akakaa juu ya godoro. Akalia bila sauti, mdomo wazi, na haikuwa kama kule kaburini. Shahidi wa Pili akamletea maji. Aliyanywa yote, akajifuta macho kwa foronya ya mama, akakaa kidogo akiangalia ukuta.

"Alisema hivyo kweli?"

"Nilikuwepo," akamjibu.

Kaka akatikisa kichwa. Akainuka, akaishika tena kamba, akaikaza.

"Huyo mnunuzi," akasema, "amekwambia anakuja saa ngapi?"

"Saa nne," alisema Shahidi wa Pili, akamshikia upande wa pili wa godoro.